Mayungiyungi ya bluu ya Naivasha yalimalizwa na mashamba ya maua. Nani anabisha?

#1 Dada wa Karagita
Wadau, habari zenu. Nasema bila kuzunguka: mayungiyungi ya bluu ya Ziwa Naivasha yalimalizwa na mashamba ya maua. Anayebisha alete hoja.

Mvua ndefu zimeanza, na wiki hii nimekuwa nikitembea kandokando ya ziwa upande wa South Lake Road. Maua ya mwitu yapo tele. Lile ua jekundu la duara linalochomoza ardhini kabla ya majani yake limeshatoka chini ya migunga, na kile kichaka cha maua ya njano kimejaa vipepeo. Ndege ndio usiseme: mwari, mnandi, yangeyange, mdiria mweusi na mweupe anayesimama hewani huku anapiga mabawa, furukombe wakipigiana kelele kutoka mti huu hadi ule. Kereng'ende wanakugonga usoni. Ila yungiyungi hata moja!

Mama mkwe wangu aliletwa hapa akiwa msichana. Anasema ghuba zilikuwa bluu tupu, na mwenye mashua alilazimika kusukuma maua kwa kasia ndipo apite. Leo ni gugu maji tu. Mbolea na dawa za hayo mashamba zinaishia wapi kama si ziwani?

#2 Mkokoteni
Kabla hatujawafunga watu, ulipita saa ngapi? Yungiyungi la bluu ni ua la asubuhi. Jua likishapinda linajifunga. Ukienda saa kumi jioni baada ya kazi utaona majani tu, urudi hapa kulia.

#3 Dada wa Karagita
@Mkokoteni hata majani hayapo, kaka. Soma vizuri.

#4 Mvuvi Mstaafu
Dada, heshima zako. Nilianza kwenye ziwa hili nikiwa kijana wa kubebea marehemu mzee nyavu, kwa hiyo nisikilizeni kidogo.

Mashamba hayajashika kasi, maua yalikuwa yameshaanza kwisha. Kabla ya hapo waliletwa kamba wekundu wa Marekani, kreifishi, mwaka 1970. Waliletwa makusudi ili wavuliwe na kuuzwa, na kweli waliuzwa hadi Ulaya. Lakini yule mnyama hana adabu. Yungiyungi linaanzia kwenye tope, bua lake laini kama tambi linapanda mpaka juu. Kreifishi anakaa chini kule, anakata bua changa kwa koleo lake, hamalizi hata nusu, anahamia la pili. Asubuhi ukienda kutoa nyavu unakuta majani yanaelea ovyo, ukiyageuza bua limekatwa chini, mkato safi.

Ikafika wakati hata ile mimea inayoota chini ya maji, chakula cha ndege kukuziwa, haipo tena. Kukuziwa waliokuwa wamejaa maji yote wakapungua mpaka tukashangaa. Na yule ndege wa vidole virefu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi, naye angetembea juu ya nini?

#5 Dada wa Karagita
Mzee wangu, nimekusikia na shukrani. Lakini maua ya kuuza nje yalishaanza kulimwa hapa miaka hiyo hiyo ya 1970. Kreifishi na dawa walikuwa ziwani pamoja. Utajuaje nani aliua na nani alikuta maiti?

#6 Msomi wa Gilgil
Kuna washukiwa mmewaruka. Salvinia, yale majani madogo yenye vinywele yanayofunika maji kama yote, ilionekana ziwani mapema miaka ya 1960. Halafu koipu, panya mkubwa wa Amerika Kusini aliyekuwa akifugwa huko juu kwa ajili ya manyoya yake. Akatoroka, akafuata mto, akafika ziwani miaka ya 1960 hiyo hiyo. Chakula chake ni mabua na mizizi ya mimea ya majini. Baadaye akaisha, wala hakuna aliyemlilia. Gugu maji likaja 1988.

Kwa hiyo koipu alianza, kreifishi akamalizia, salvinia na gugu maji wakaziba juu ili lisirudi. Na hapo sijagusa ziwa lenyewe linavyopanda na kushuka. Miaka ya 1940 lilishuka sana, 2009 likashuka tena watu wakalima lilipokuwa maji, na 2020 likaingia nyumbani kwa watu mtaa wa Kihoto. Mmea uliotia mizizi kwenye kina cha mita moja, ukiuongezea mita mbili juu kwa muda mfupi, jani litafika wapi?

#7 Jogoo la Mwanza
Wakuu, salaam kutoka Mwanza. Gugu maji huku Victoria tunalijua vizuri. Miaka ya 1990 lilikuwa linafunga bandari, meli imekwama na abiria ndani. Wakaletwa mbawakawa wadogo wa Neochetina wanaolitafuna, likapungua, na bado linarudi likipata upepo na chakula.

Lakini yungiyungi huku tunayo kwenye ghuba zilizotulia, tena tulipokuwa wadogo tulichimba vile viazi vyake tukachemsha. Gugu maji lipo, uchafu wa mji upo, na yungiyungi lipo. Kreifishi mimi sijawahi kumtia machoni huku. Naona Mvuvi ana hoja.

#8 Mkokoteni
Mvuvi ana hoja, sisi tuna sufuria. Kama kreifishi ndiye mkosaji, si aliwe tu? Chumvi, ndimu, pilipili.

#9 Mvuvi Mstaafu
@Mkokoteni wazungu wa mahotelini walikuwa wanakula. Sisi wengi tuliona ni mdudu tu. Aliyemla kweli ni furukombe, na mnandi, na fisi maji. Nenda kaangalie chini ya miti wanayolala ndege, magamba mekundu yalikuwa yamejaa.

#10 Boda wa Kongoni
Samahani nichomoe mada kidogo. Dada ametaja vipepeo kwenye kile kichaka cha njano. Mimi niko barabarani kutwa, na siku hizi vipepeo weupe wanavuka barabara wote wanaelekea upande mmoja, kuanzia saa tatu mpaka jua linapokuwa kali. Hawageuki. Rejeta ya matatu moja ilikuwa imezibwa nusu. Wanaenda wapi? Abiria mmoja mama kaniambia ni dalili ya nzige.

#11 Pwani Tulivu
Nzige tena jamani! Ile ya 2020 haijatutosha?

#12 Kiplagat wa Molo Juu
Hicho kichaka cha njano ambacho jani lake ukilipondaponda linanuka karanga, kwetu ni senetwet. Mkaa wake ndio tunaosugulia kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Msikikate ovyo, na kama mnakikata mnitumie matawi.

#13 Msomi wa Gilgil
@Boda si dalili ya nzige. Nzige wa 2020 walitokana na mvua kubwa kwenye majangwa ya Arabuni na Pembe ya Afrika, vipepeo hawahusiki. Wapo vipepeo wa aina mbili tatu wanaohama hivyo. Kuna weupe wenye mishipa ya kahawia, na kuna wale weupe wa kijanikijani ambao viwavi wao hula majani ya jamii ya hiyo senetwet. Mvua ikinyesha, majani machanga yanatoka, viwavi wanajaa, wanamaliza majani, na kizazi kipya cha vipepeo kinaondoka kutafuta mahali pengine pa kutagia.

#14 Boda wa Kongoni
Sawa, lakini kama ni njaa, si wangetawanyika kila upande? Mbona wote upande mmoja kana kwamba wamepewa ramani?

#15 Bibi Shamba
Ni upepo mwanangu. Kipepeo ana nguvu gani ya kubishana na upepo?

#16 Jogoo la Mwanza
Bibi shikamoo, lakini hapana. Nimewaona Serengeti wakienda kinyume na upepo, wanapita chini chini karibu na majani. Wangekuwa wanapeperushwa wangekuwa juu.

#17 Msomi wa Gilgil
Wadudu kadhaa wanaohama hutumia jua kama dira. Ndiyo maana Boda anasema wanaanza saa tatu. Siku ya mawingu mazito hawaendi.

#18 Boda wa Kongoni
Jana kulikuwa na mawingu na walipita. Wachache, lakini walipita.

#19 Bibi Shamba
Marahaba Jogoo. Basi ni Mungu anayewaongoza, tumalize hapo.

#20 Mgeni Konstanz
Jamani mnanipa hamu ya nyumbani. Niko Ujerumani, kando ya ziwa la Bodensee. Huku ndiyo kwanza majira ya kuchipua yameanza, theluji bado iko juu milimani, maua madogo ya njano yanatoboa kwenye majani makavu. Asubuhi hii nimeona mbayuwayu wa kwanza akiwinda juu ya maji. Wajerumani wenzangu wa ofisini wanasema "mbayuwayu wetu wamerudi". Nikawaambia wetu, siyo wenu, wametoka Naivasha juzi tu.

#21 Msomi wa Gilgil
@Mgeni hongera kwa kuwaona, ila huyo huenda hajawahi kuiona Kenya. Mbayuwayu wa Ulaya ya magharibi na kati wengi hupitisha baridi Afrika ya Kati na Magharibi. Hawa wetu wa Bonde la Ufa wengi ni wa mashariki zaidi, Urusi na kuelekea Asia. Wakati huu jioni nenda ukasimame karibu na mafunjo, uone wanavyoshuka kulala kwa maelfu. Tazama mikia yao: walipofika mwaka jana ilikuwa imechakaa, sasa zile nyuzi mbili za pembeni ni ndefu na mpya. Wamebadilisha manyoya yote hapa kwetu, kwa wadudu wetu, ndipo wanaondoka.

#22 Mgeni Konstanz
Kwa hiyo nimedanganya ofisi nzima. Sitawaambia.

#23 Mwana Bukavu
Bandugu, kama ni wa Afrika ya Kati, basi huyo ni wa kwetu Kivu. Mgeni, umusalimie.

#24 Mkokoteni
😂😂 Kongo imeshachukua ndege sasa.

#25 Pwani Tulivu
Nami niulize la kereng'ende, maana Dada kawataja. Huku Watamu huja wengi ghafla kuelekea mwisho wa mwaka, wale wa rangi ya dhahabu, hata mahali pasipo na kidimbwi. Babu yangu alikuwa akisema wametoka baharini, nikamcheka. Kereng'ende wa baharini!

#26 Msomi wa Gilgil
Ungemsikiliza babu. Kuna mtafiti wa baharini, Charles Anderson, aliishi Maldives akajiuliza kereng'ende wanaofika pale kila Oktoba wanatoka wapi, kwa sababu visiwa vile havina maji yasiyo na chumvi ya kutosha kuwazalisha. Mwaka 2009 akachapisha hoja yake: wanatoka India, wanavuka bahari na upepo wa juu mpaka Afrika Mashariki, wanataga kwenye madimbwi ya mvua, na vizazi vinavyofuata hurudi na pepo za kusi. Wanapovuka, wapo ndege wanaovuka nao, mmojawapo yule kozi mdogo wa Amur anayetoka Siberia na China. Anakula njiani.

#27 Mkokoteni
Mdudu asiyefika gramu moja avuke Bahari ya Hindi, na mimi kutoka Naivasha hadi Nairobi, kilomita tisini na kitu, nalalamika kiuno.

#28 Pwani Tulivu
Ni hoja au ni hakika? Aliwawekea alama akawapokea huku?

#29 Msomi wa Gilgil
Hakuna aliyemfuata kereng'ende mmoja toka India mpaka Watamu. Wamepima mabawa yao kwa kemia, wakaona waliokamatwa Maldives walizaliwa mbali sana kaskazini. Kipande cha kutoka Maldives mpaka huku ndicho watu wanabishania.

#30 Dada wa Karagita
Nawapenda wote lakini mmehamia baharini na swali langu liko ziwani. Naona hakuna aliyegusa mbolea.

#31 Msomi wa Gilgil
Nagusa. Mbolea hailiui yungiyungi moja kwa moja. Inalisha gugu maji na vijimea vidogo vya kijani, maji yanakuwa mazito, mwanga haufiki chini, bua changa linakosa jua kabla halijafika juu. Lakini tope na mbolea nyingi huteremka pia na mto Malewa kutoka mashamba madogo ya viazi na kabichi huko juu, si mahema ya maua peke yake. Zamani mafunjo mdomoni mwa mto yalikuwa yanachuja. Mafunjo yenyewe yamepungua.

#32 Bibi Shamba
Mafunjo yaliliwa na nyati na ng'ombe. Ziwa likishuka, mafunjo yanabaki nchi kavu, wanyama wanaingia wanatafuna mpaka mzizi. Nimeona kwa macho yangu. Zamani nyati asingefika pale kwa tope.

#33 Kihoto Majini
Mimi nilikuwa miongoni mwa waliofurikiwa 2020. Maji yaliingia hadi dirishani, tukahama na mbuzi. Tuliporudi kuangalia, kwenye lililokuwa shamba la sukuma wiki la jirani kulikuwa na majani ya duara yanaelea, yenye mpasuko mmoja mpaka kwenye bua. Nikamwambia mke wangu, haya si gugu maji, haya ni yungiyungi. Mbegu zililala kwenye tope miaka yote, zikapata maji zikaamka. Mnasemaje?

#34 Dada wa Karagita
Ulipiga picha??

#35 Kihoto Majini
Dada, nilikuwa nimebeba godoro kichwani.

#36 Msomi wa Gilgil
@Kihoto, maua yalikuwa ya rangi gani? Kuna mmea mwingine mdogo wenye jani la mpasuko hivyo hivyo, ila ua lake ni jeupe dogo lenye nywele nywele. Wengi wanalichanganya. Kama hukuona ua la bluu lenye petali zilizochongoka, siwezi kusema.

#37 Kihoto Majini
Sikuona ua. Majani yalikuwa ya ukubwa wa sahani ya chai, chini yake yana wekundu fulani. Baada ya wiki chache viboko walikuwa wameshapita.

#38 Mvuvi Mstaafu
Sahani ya chai ni kubwa kuliko huo mmea wake Msomi. Mimi naamini ni yungiyungi. Na nitawaambia kwa nini linaweza kurudi: kreifishi wa siku hizi si wengi kama wale wa zamani. Tangu samaki aitwaye karpu alipoingia ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000, nyavu zetu ni karpu mtupu. Karpu anakula kila kitu chini kule, kreifishi wadogo wakiwemo.

#39 Jogoo la Mwanza
Mzee, si karpu huyo huyo anayefukua tope akitafuta chakula? Atang'oa yungiyungi lako na kuchafua maji. Umeondoa mwizi umeleta trekta.

#40 Mvuvi Mstaafu
Anafukua, kweli. Lakini kwenye shamba lililofurika kina hakizidi kiuno, karpu mkubwa hapendi kukaa hapo, nyangumba wanamwona. Yungiyungi linaweza kuponea pembeni.

#41 Mkokoteni
Nyangumba ndiyo nini mzee?

#42 Mvuvi Mstaafu
Ndege wakubwa wa kula samaki, mwari na wenzake. Nyumbani kwetu tunawaita hivyo wote kwa pamoja, usinikamate kwa kamusi.

#43 Dada wa Karagita
Hoja ya mbegu nimeipenda kuliko zote. Lakini bado nasema mashamba yana mkono wao. Kreifishi hapigi dawa.

#44 Fundi Vioo
Nimesoma kimya. Nataka kuanza kuangalia ndege, darubini gani inafaa na niende wapi bila kuliwa na kiboko?

#45 Msomi wa Gilgil
Darubini ya 8x42 (inakuza mara nane, kioo cha mbele milimita 42) inatosha, hata ya mtumba, ilimradi vioo havina ukungu ndani. Anza alfajiri hadi saa nne. Kwa kiboko: usipite kwenye njia zao, zile korongo laini zinazotoka majini kuelekea kwenye nyasi, hasa jua linapozama na kabla halijachomoza. Ukikutana naye nchi kavu, usisimame kati yake na maji. Na mwezi wa kwanza wanaohesabu ndege wa majini kwenye maziwa ya Bonde la Ufa huwa wanakaribisha watu wa kujitolea. Utajifunza kwa siku moja kuliko kwa kitabu.

#46 Bibi Shamba
Na avae gambuti. Huyu Msomi anasahau nyoka.

#47 Fundi Vioo
Asanteni. Nina jingine, msinicheke. Ndege aitwaye fundichuma amejenga kwenye mgunga ulio juu kabisa ya choo changu cha nje. Kiota ni kikubwa kuliko choo. Vijiti, matope, mifuko ya plastiki, kipande cha neti ya mbu, na ndala moja ya kijani. Tawi linalia kila upepo ukivuma. Mama anasema ukivunja kiota cha fundichuma nyumba yako itapigwa radi. Kuna aliyewahi kuvunja akabaki salama?

#48 Kiplagat wa Molo Juu
Usiguse. Si suala la imani, ni suala la heshima.

#49 Jogoo la Mwanza
Huku pia hatugusi. Jirani yangu alivunja, mwezi uliofuata paa likaenda na upepo. Paa lenyewe lilikuwa bovu tangu zamani, lakini nani atamwambia?

#50 Msomi wa Gilgil
Fundichuma mwenyewe anaweza kukihama baada ya muda, huwa anajenga kingine na kingine. Shida ni kwamba akihama anakuja bundi mkubwa au bata bukini anapanga humo. Hama choo, ndugu, ni rahisi zaidi.

#51 Boda wa Kongoni
Hiyo ndala ya kijani ni ya mguu wa kushoto? Namba nane? Kuna moja ilinipotea kwenye kamba ya nguo.